Jioni za Zeze, Pombe na Gitaa katika Nchi ya Mpanda

Kama umekaa peke yako, soma polepole. Kama mmekaa kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize, kisha mtapata maswali ya kuzungumza mwishoni.

Somo letu la leo ni la historia, lakini hatutasoma habari za magavana wala za vita. Tutasoma habari za jioni. Tutauliza: watu wa nchi ya Mpanda walikusanyika wapi jua lilipokuchwa? Walisikiliza muziki gani? Nani aliupiga, na nani aliulipia?

Labda utasema, "Hayo ni mambo ya mchezo, si historia." Ngoja kwanza. Ukifungua kitabu chenye habari za Mpanda utaona mambo machache yanayorudiwa. Utaona mgodi wa risasi wa Mukwamba. Utaona reli ya kutoka Kaliua, yenye urefu wa kilometa 210 hivi, iliyomalizika mwaka 1950. Utaona kwamba wilaya hii ilikuwa katika Jimbo la Magharibi, kisha ikawa katika Mkoa wa Tabora, ikaingizwa katika Mkoa wa Rukwa mwaka 1974, na kwamba mwaka 2012 ukaundwa Mkoa wa Katavi, na mji wa Mpanda ukawa makao yake makuu. Hayo yote ni kweli, na yafaa kuyajua. Lakini ni mambo ya Serikali na ya makampuni. Mtu aliyechimba risasi mchana alikuwa na jioni yake pia, na jioni hiyo haikuandikwa katika daftari la kampuni. Tukiiacha, tutakuwa tumesoma nusu ya maisha yake, tena nusu ile ambayo hakujichagulia.

Basi shika neno moja litakalotuongoza leo: udogo. Mikutano tunayoitaja ilikuwa midogo: watu kumi, ishirini, pengine arobaini, katika ua, chini ya mti, au ndani ya kilabu chenye kuta za fito. Tutatazama kwanza kwa nini ilikuwa midogo, kisha udogo huo ulifanya kazi gani.

CHOMBO CHENYE SAUTI NDOGO

Sababu ya kwanza ni vyombo vyenyewe. Kwa Wanyamwezi na majirani zao wa magharibi, zeze ni ufito ulionyooka, wenye vinundu vilivyochongwa upande mmoja. Uzi hupita juu ya vinundu hivyo, na vidole huubana hapo ili kubadili sauti. Chini ya ufito hufungwa kibuyu kilichokatwa mdomo. Mpigaji hukiweka kibuyu kifuani pake. Akikibana, sauti hufumba. Akikiachia kidogo, sauti hufunguka. Usilichanganye na zeze la Wagogo, kwani hilo hupigwa kwa upindo mdogo, kama fidla. Jina ni moja, vyombo ni viwili.

Yuko pia ndugu yake zeze, naye ni ndono. Ndono ni upinde wenye uzi na kibuyu. Mpigaji huugonga uzi kwa kijiti chembamba na kuubana kwa vidole. Vyombo hivi ni vya zamani. Mwingereza Richard Burton, aliyefika Unyamwezi mwaka 1857, alilitaja zeze katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1860.

Sasa fikiri, ndugu msomaji. Kibuyu kimoja na uzi mmoja vitatoa sauti kubwa kiasi gani? Mtu aliye mbali ataiona mikono ikicheza, lakini maneno hatayapata. Ngoma kubwa yaweza kuita kijiji kizima na kijiji cha pili, zeze haliwezi. Zeze humtaka msikilizaji asogee, akae, na anyamaze. Kwa hiyo tangu mwanzo palikuwa na mikutano ya namna mbili: ule wa uwanjani, wa ngoma na miguu, ambao mtu aliweza kufika na kuondoka bila kuonekana, na ule wa uani, wa zeze na maneno, ambao kila aliyeingia alionekana uso wake.

Maneno ndiyo yaliyokuwa chakula chenyewe. Mwimbaji wa zeze alisimulia habari, alisifu, alitania, na mara nyingine alikemea. Aliweza kumwimba mchoyo bila kumtaja jina, na kila aliyekaa pale akamjua. Jambo hilo lawezekana tu mahali ambapo watu wanajuana. Ukiuimba wimbo huo mbele ya watu elfu wasiojuana, utakuwa wimbo juu ya mtu yeyote tu, na ukali wake umekwisha.

POMBE HAINGOJI

Sababu ya pili ni pombe. Nasema habari za pombe kama historia inavyotaka, si kwa kuisifu. Madhara yake tutayataja.

Chukua mtama au ulezi. Huloweshwa mpaka uchipue, nacho ndicho kimea. Kimea hukaushwa, husagwa, huchanganywa na uji uliopikwa, kisha huachwa kichachuke. Kazi yote huchukua siku nyingi, karibu juma zima. Lakini pombe ikiisha iva, haingoji. Leo ni tamu, kesho ni kali, kesho kutwa inakaribia kuwa siki. Mwenye mahindi aweza kuyaweka ghalani mpaka bei ipande. Mwenye pombe hawezi. Hapana budi watu waje leo.

Basi waona jinsi jambo moja lilivyozaa jingine. Kwa kuwa pombe haikuwekeka, ilihitaji watu. Kwa kuwa mtungi mmoja au miwili haikutosha umati, iliwahitaji watu wachache. Na kwa kuwa watu hawa walikaa tangu alasiri mpaka usiku, walihitaji kitu cha kusikiliza. Hapo ndipo mwenye zeze alipopata mahali pake. Hakuandikiwa mkataba wala hakupewa mshahara. Alipewa kata ya kwanza, na aliyependezwa na wimbo alimtunza kwa kitu kidogo.

Nchi ya Mpanda ilikuwa na kinywaji kingine pia. Sehemu kubwa ya nchi hii ni misitu ya miombo, na miombo ni makao ya nyuki. Tangu zamani watu wa magharibi wametundika mizinga msituni, na nta yao imeuzwa mpaka ng'ambo. Kwa asali walitengeneza wanzuki. Kwa hiyo jioni za muziki zilifuata majira: baada ya mavuno palikuwa na pombe ya nafaka, na baada ya kurina asali palikuwa na wanzuki. Wakati wa kulima, pombe ilikuwa malipo ya wale waliokuja kusaidiana shambani, na wimbo uliofuata ulikuwa sehemu ya malipo hayo.

Kumbuka pia kwamba pombe ya nafaka ilikuwa kazi ya wanawake. Mama aliyepika ndiye aliyejua siku, ndiye aliyetangaza, na ua ulikuwa wake. Wanaume wakikumbuka jioni hizo humtaja mpiga zeze. Mara chache humtaja mama aliyebeba maji na kuni. Historia yenye haki huwataja wote wawili.

NJIA ZA MISAFARA NA PWANI YA ZIWA

Usidhani kwamba watu hawa walikaa peke yao, wasiojua nyimbo za wengine. Katika karne ya 19 njia za misafara zilipita katika nchi hii. Kutoka Unyanyembe, karibu na Tabora, wapagazi walishuka kusini-magharibi kwa njia ya Ukonongo mpaka Karema na pwani ya Ziwa Tanganyika, na wengine walivuka mpaka ng'ambo. Mwaka 1871 Henry Stanley, akimtafuta Livingstone, alipita Ukonongo kwenda Ujiji. Na baadaye yeye na Livingstone walirudi kwa njia ya nchi hizo hizo. Mwaka 1879 Wabelgiji walijenga kituo Karema, na mwaka 1885 kituo hicho kilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe.

Mpagazi alibeba mzigo mchana. Usiku, kambini, kila moto ulikuwa na watu wake wachache, na zeze ni chombo chepesi kuliko vyote. Laweza kufungwa juu ya mzigo. Hivyo nyimbo zilisafiri. Utani wa makabila nao ulikua katika njia hizo hizo: watu waliotoka mbali wakajifunza kutukanana kwa mapenzi badala ya kupigana. Tutakapofika kwenye mgodi wa Mukwamba, kumbuka mioto ile ya kambi, maana jambo lile lile litarudi kwa sura nyingine.

RELI NA MSHAHARA

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Pamoja na reli na askari ilienea ngoma ya beni, iliyozaliwa pwani ya Kenya katika miaka ya 1890. Beni iliiga bendi za kijeshi: ilikuwa na vyeo, sare, na mashindano makali kati ya vyama. Vyama hivyo vilisaidia wagonjwa na kuzika wafu. Bwana Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili, kilichotolewa mwaka 1975.

Lakini Mpanda ilichelewa. Reli yake ilimalizika mwaka 1950 tu, ili kubeba risasi ya Mukwamba, iliyochimbwa na kampuni ya Uruwira Minerals. Wakati huo beni ilikuwa imezeeka, na vijana waliiona kuwa mambo ya baba zao. Walichopenda ni dansi. Kwa hiyo watu wa mji mpya wa Mpanda waliruka daraja moja: walitoka kwenye zeze la uani wakaingia moja kwa moja katika wakati wa gitaa na santuri.

Mgodi na reli huvuta watu wa lugha nyingi, nao huleta jambo lingine: mshahara. Mshahara ulibadili kalenda ya jioni. Zamani mtu aliuliza, "Mavuno yamekwisha? Mwezi umepevuka?" Katika mji wa mgodi aliuliza, "Mwisho wa mwezi ni lini?" Mwangaza nao ulibadilika, mahali pa mbalamwezi paliingia taa ya karabai. Na kilabu kilichukua mahali pa ua wa mama mmoja. Mtu alilipa kwa senti, si kwa kusaidia kulima. Mgeni asiye na shamba wala jamaa mahali pale aliweza sasa kuingia, mradi ana senti.

Hapo pana faida na hasara, nawe uzipime. Faida ni kwamba mgeni alipata mahali pa kukaa na watu. Hasara ni kwamba mwenye deni aliweza kuumaliza mshahara usiku mmoja, na mkewe na watoto wakalala njaa. Ugomvi ulikuwapo, na visu vilikuwapo. Mtu anayesimulia jioni hizo kana kwamba zote zilikuwa asali hasemi kweli yote.

NANI ALITOA RUHUSA?

Sasa tuje kwenye swali lililo kubwa kuliko inavyoonekana: nani aliweza kuizuia jioni? Katika kijiji cha zamani, mtemi au mzee aliweza kusema leo pana msiba, hapana zeze. Chini ya utawala wa Waingereza uwezo huo uliingia katika karatasi. Katika miji, ngoma ilihitaji kibali, na uuzaji wa pombe ya kienyeji ulihitaji leseni. Mama aliyekuwa akipika kwake tangu ujana aliweza kushtakiwa kwa kazi ile ile. Wamisionari wengi nao walikataza ngoma za usiku kwa Wakristo wao.

Sababu za watawala hazikuwa za upuuzi zote. Walitaka usalama, usafi, na wafanya kazi wanaoamka asubuhi. Lakini pia waliogopa mkutano wowote wa watu wasiowajua lugha. Basi tazama: ngoma kubwa husikika mbali, nayo huomba kibali. Zeze, gitaa moja na watu kumi na watano uani havisikiki barabarani. Udogo, ambao mwanzo ulitokana na kibuyu na mtungi, ukawa sasa ngao. Muziki mdogo uliishi pale ambapo mkubwa ulizuiwa.

GITAA KAVU, SANTURI NA REDIO

Gitaa liliingiaje? Kwa njia nyingi. Askari waliorudi kutoka vita ya 1939 mpaka 1945 walikuwa wamesikia muziki wa nchi nyingine. Santuri za Kikuba zilikuwa zikiuzwa Afrika tangu miaka ya 1930. Na kwa watu wa Mpanda upo mlango mwingine, nao ni ziwa. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ni Kongo, ambako katika miji ya migodi ya Katanga walitokea wapiga gitaa hodari walioimba kwa Kiswahili. Mashuhuri kuliko wote ni Jean Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 mjini Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi.

Muziki huo ulikuwa wa gitaa kavu, yaani lisilo na umeme. Kidole gumba hupiga besi, na kidole cha shahada hupiga wimbo. Mtu mmoja hufanya kazi ya watu wawili. Rafiki yake hugonga chupa tupu kwa kijiti au msumari, basi, bendi imetimia. Mtazame mtu huyo na mpiga zeze wa zamani. Chombo kimetoka mbali, lakini kazi ni ile ile: mtu mmoja, maneno mengi, watu wachache, na kinywaji katikati. Wale wanaosema gitaa liliua zeze wasahihishe kidogo: gitaa lilikalia kigoda cha zeze.

Kisha ikaja redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951. Sasa mtu wa Mpanda aliweza kusikia bendi za miji mikubwa bila kupanda treni. Watu wa magharibi hawakuwa wasikilizaji tu. Tabora ilitoa Kiko Kids ya Salum Zahoro, na baadaye Tabora Jazz, ambayo iling'ara na Shem Karenga, mzaliwa wa Kigoma. Mwaka 1959 Iddi Nhende alianzisha Western Jazz huko Dar es Salaam, na jina lake lilitokana na Jimbo letu la Magharibi. Hivyo mtu wa Mpanda aliyekaa kilabuni akisikiliza Western Jazz alikuwa akisikia jina la jimbo lake likirudi kutoka pwani.

UHURU NA SWALI LA MWALIMU

Mgodi wa Mukwamba ulifungwa mwaka 1960. Mwaka uliofuata, tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ikapata Uhuru. Tarehe 10 Desemba 1962, akihutubia kama Rais wa kwanza wa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza kuunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Katika hotuba hiyo alisikitika kwamba waliosoma walijua kucheza rumba, chacha na twisti, lakini wengi wao hawakujua ngoma kama gombe sugu, mangala au lele mama.

Swali hilo lilikuwa la haki. Lakini yafaa tuliongezee jingine. Je, rumba iliyoimbwa kwa Kiswahili, juu ya ukata, mapenzi na misiba ya hapa, ilikuwa bado ya wageni? Wapenzi wa dansi walijibu kwa miguu yao kwamba imekwisha kuwa yetu. Na bado onyo la Mwalimu lilibaki na uzito kwa zeze na ndono. Vikundi vya ngoma vya taifa viliundwa, lakini muziki wa uani si rahisi kuupandisha jukwaani. Ukimweka mpiga ndono mbele ya uwanja uliojaa watu, utamwona, lakini hutamsikia.

Katika miaka iliyofuata bendi kubwa zilimilikiwa na vyama na mashirika. NUTA Jazz ya mwaka 1964 ni mfano unaojulikana. Sababu ni nyepesi kuielewa. Magitaa ya umeme, ngoma za kizungu na vipaza sauti vilikuwa ghali, na mtu mmoja hakuweza kuvinunua. Aliyemiliki vyombo aliamua bendi ipige wapi, na wakati gani. Mpiga zeze alichonga chombo chake mwenyewe, hivyo hakuna aliyeweza kumnyang'anya kazi kwa kumnyang'anya chombo. Tofauti hiyo ni ndogo kwa macho, lakini ni kubwa kwa maisha ya mtu.

Tena, kati ya mwaka 1973 na 1976, Operesheni Vijiji iliwahamisha watu wengi nchini kutoka makao yao yaliyotawanyika. Ua ulihama, na jirani wa zamani huenda alipelekwa upande mwingine. Watu walipojenga upya, ilibidi waanze upya pia kujua nani hupika vizuri na nani hupiga vizuri.

WATU WALIOTOKA NCHI YA INANGA

Tusiimalize historia ya Mpanda bila kuwataja wageni waliokuja kwa uchungu. Mwaka 1972 mauaji makubwa nchini Burundi yaliwafukuza watu wengi kuja Tanzania. Makazi ya Katumba yalianzishwa mwaka 1973, na ya Mishamo mwaka 1978, yote katika wilaya ya Mpanda ya wakati huo. Walipewa ardhi wakalima, lakini mtu hakuruhusiwa kutoka katika makazi bila karatasi ya ruhusa. Unaona jinsi neno "kibali" linavyorudi.

Burundi ni nchi ya ngoma kubwa zinazojulikana duniani. Lakini ni nchi ya inanga pia. Inanga ni ubao uliochimbwa kama sinia refu; uzi mmoja mrefu huzungushwa juu yake mara saba au nane, na pengine zaidi. Mwimbaji wa inanga hanyanyui sauti. Hunong'ona. Maneno ya Kirundi hupanda na kushuka, na nyuzi hubeba kupanda na kushuka huko, hata mnong'ono unakuwa wimbo. Mwaka 1967, miaka mitano kabla ya mauaji yale, muziki huo ulirekodiwa Burundi na santuri yake ikatolewa Ufaransa.

Hakuna muziki mdogo kuliko huo, wala hakuna unaowataka watu wakae karibu zaidi. Fikiri maana yake kwa mtu aliyekimbia na asichukue kitu. Ngoma kubwa huhitaji mti mnene, wapigaji wengi na uwanja. Mnong'ono huhitaji watu wawili watatu wanaoelewa lugha. Mwaka 2007 Serikali ya Tanzania ilikubali kuwapokea watu hao wa 1972 waliotaka uraia. Zaidi ya 160,000 walikubaliwa, na mwaka 2014 wakaanza kupewa vyeti vyao. Kwa hiyo inanga si habari za nchi jirani tu. Ni sehemu ya urithi wa raia wa Katavi.

Hali kadhalika Wasukuma, ambao tangu miaka ya 1970 wameingia kwa wingi na ng'ombe wao katika bonde la Rukwa na Mpimbwe. Wao wana wigashe, muziki ambao jina lake latokana na neno la kukaa: watu huimba wameketi. Hivyo Mkonongo, Mpimbwe, Mbende, Msukuma na yule aliyezaliwa Katumba, kila mmoja ana urithi wake, na si wote wanajua kwamba jirani naye anao.

KWA NINI JAMBO HILI LATUHUSU

Mwaka 2014 UNESCO iliandika ngoma za Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, na mwaka 2021 ikaandika rumba ya Kongo. Tufurahi. Lakini waona kwamba vilivyoandikwa ni vile vyenye sauti kubwa, vinavyojaza uwanja na jukwaa. Kitu kisichosikika zaidi ya ua mmoja hakisikiki pia katika kikao cha mataifa. Kisipohifadhiwa na watu wa ua wenyewe, hakuna mwingine atakayekihifadhi.

Leo spika moja yaweza kujaza mtaa mzima wa Mpanda kwa muziki uliotengenezwa mbali. Hakuna ubaya kwa kijana kuupenda. Lakini spika haimjui aliyefiwa jana, wala haimkemei mchoyo wa mtaa huu. Haiwezi kunyamaza mtu mmoja anapotaka kuongeza maneno. Kazi ya udogo ilikuwa hiyo: kumfanya kila aliyehudhuria awe mtu mwenye jina. Mji uliojengwa na watu waliotoka kila upande, kwa mgodi, kwa reli, kwa njaa ya malisho na kwa vita, ulihitaji mahali ambapo mgeni huitwa kwa jina lake. Nyingi ya sehemu hizo zilikuwa na mtungi wa mama mmoja na chombo cha mtu mmoja.

Hapa nchini twajua nguvu ya mkutano mdogo. Mwaka 1973 somo la redio la "Mtu ni Afya" liliwafikia watu wapatao milioni 2, nao hawakukusanywa viwanjani. Walikaa katika vikundi vidogo, redio katikati, wakasikiliza, wakazungumza, wakaenda kuchimba vyoo. Ndivyo mlivyokaa ninyi pia sasa hivi.

Basi nakupa kazi, ndugu msomaji. Mtafute mzee mmoja, mwanamume au mwanamke, aliyewahi kupiga zeze, ndono, inanga au gitaa kavu, au aliyewahi kupika pombe ya mkutano. Mwombe ruhusa kwanza. Mwulize chombo kilitengenezwa kwa mti gani, uzi ulitokana na nini, ulifungwaje. Mwulize alijifunza kwa nani, na alipiga kwa nani. Andika jina lake na mwaka. Ukirekodi kwa simu, mpe yeye pia sauti yake, na usiiuze bila yeye kujua. Akikuambia jambo la aibu juu ya mtu aliye hai, liache lilale.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Taja sababu mbili zilizofanya jioni za zamani ziwe ndogo. Ipi kati yake bado ipo mahali penu?

2. Mshahara uliingia mahali pa kusaidiana shambani. Ni nani alipata faida, na nani alipata hasara? Mkumbukeni mpishi wa pombe.

3. Kibali cha ngoma chaweza kulinda usingizi wa watu, na chaweza pia kunyamazisha watu. Mngekuwa ninyi baraza la mtaa, mngeweka sheria gani?

4. Nani katika kikundi chenu anajua wimbo wa jirani wa kabila jingine? Kama hakuna, mtamwalika nani juma hili?

Somo lijalo litakuwa juu ya nta na asali ya misitu ya miombo: nani alirina, nani alinunua, na bei ilipangwa wapi. Mpaka hapo, ndugu zetu, kwaherini.